Talaka ya Kati

Kama gazeti la juma lililopita lilikwenda kufungia vitumbua kabla hujalisoma, usihuzunike. Nakuhadithia kwa ufupi, na mwenye kukumbuka anistahamilie.

Mie ni Mwanakhamis. Nimezaliwa Jeddah, wazee wangu ni watu wa Unguja waliohamia huku baada ya mwaka wa sitini na nne. Nakaa Al-Safa, nafundisha skuli ya watoto wadogo, watoto wa watu. Mume wangu Haroub anasimamia duka la udi na manukato Riyadh, mtaa wa Sulimaniyah, na huja nyumbani akipata likizo.

Miaka mingi ya ndoa hatukujaaliwa mtoto. Tukenda hospitali moja hapo Riyadh. Mayai yangu yakatolewa, yakakutanishwa na mbegu za Haroub maabara, vikapatikana viinitete vitatu, vikagandishwa. Wa kwanza nilipandikizwa, hakushika. Wa pili akashika, nikambeba wiki chache, akatoka. Akabaki mmoja kwenye barafu.

Na lililonifika mnalijua. Nimeshaanza vidonge vya kuutayarisha mfuko wa uzazi umpokee huyo wa mwisho, tukagombana kwenye simu, mie na Haroub, juu ya mama yake. Hasira zikampanda, akanambia, "Mwana, nimekuacha." Akakata simu. Mhariri naye akanikatia hapo hapo.

Haya, sogeeni.

Sikumwambia mtu. Hata dada yangu Muna, ambaye namwambia mpaka ndoto zangu, sikumwambia. Nilikaa kitako sebuleni nikapiga hesabu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu Haroub aliniacha moja, ujinga wa ujana, wazee wakaja wakatupatanisha, akanirejea. Hii ya juzi ilikuwa ya pili. Talaka ni tatu, basi nilikuwa na moja akibani. Wenzangu wana dhahabu, mie nina talaka.

Na mke wa talaka rejea akiwa edani, mumewe anamrejea kwa neno tu. Anasema, "Nimekurejea," yamekwisha, hakuna harusi wala mahari. Hayo kila aliyepita chuoni anayajua. Nikajipa moyo kwamba hasira zikimshuka, atalisema.

Vidonge nikaendelea kumeza. Hapo ndipo dhambi yangu ilipoanzia, nanyi mnihukumu mtakavyo. Sheria ya huku haina kona: mke hupandikizwa kilichotokana na mumewe, ndoa ikiwa hai, na wote wawili watie saini. Mume akifa au akiacha, kilichogandishwa hakitumiki tena, kinatupwa. Je, mke aliye edani ni mke au si mke kwa jambo kama hili? Nilikuwa na namba ya Sheikh Salem, yule aliyetuozesha. Niliifungua nikaitazama, nikaifunga. Niliiogopa kuliko namba ya polisi. Mwenye kuuliza awe tayari kuambiwa hapana, na mie sikuwa tayari.

Hospitali wakanipigia: Jumatatu, njooni nyote. Nikamwandikia Haroub. Kimya. Nikamwandikia tena. Kimya kile kile.

Aliyenipigia ni mama yake, Bi Zeinab, kutoka kwake Al-Rawdah.

"Mwanakhamis, mwanangu, Haroub atakuja. Nimemwambia asipokwenda, napanda ndege mie na magoti yangu haya, nikamburute mbele ya wateja wake."

"Ahsante, Mama."

"Yule wa mwisho ni mjukuu wangu. Msimwache kwenye barafu kama kuku."

Huyo ndiye Bi Zeinab aliyekuwa akiniita tasa, nami nipo jikoni kwake namkatia vitunguu. Leo ananiita mwanangu. Wala hakujua kuwa mwanawe ameshaniacha. Nikamwitikia, "Inshallah, Mama," nikaenda kupanga sanduku.

Jumatatu, hospitali, nikamkuta Haroub ameshafika. Amekonda, kanzu inamning'inia, tasbihi mkononi inakwenda mbio. Sijapata kumwona anatoka jasho ndani ya baridi ya vile viyoyozi.

"Umeshatia saini?" nikamuuliza.

"Nimetia. Mama alikuwa kwenye simu, ananisikiliza."

"Alhamdulillahi."

"Usihimidi, Mwana."

Sasa niwape siri yetu. Sisi Waswahili tuliozaliwa huku tuna ugonjwa mmoja. Tukiwa mbele za Waarabu na tuna letu la kusemana, tunaingia Kiswahili, na tukishaingia tunajiona tumefungiwa pazia. Marehemu mama alikuwa akinitukana sokoni kwa Kiswahili huku anamchekea muuza vitambaa. Basi pale barazani, mbele ya wanandoa wa Kisaudi na watumishi wa hospitali, tukagombana kwa raha zetu.

"Mie nimeshakuacha," akasema Haroub. "Hivi tunafanya nini hapa?"

"Bado nimo edani. Nirejee, yaishe."

"Si neno jepesi."

"Lina uzito gani? Watu wanawarejea wake zao njiani, dukani, wanatafuna kashata. Weye kinywa kimekuwa cha mawe?"

"Mwana, punguza sauti."

"Nani anatusikia? Uliniacha kwa simu, sikukupigia kelele. Nakuomba neno moja unirejee, unanihesabia tasbihi! Aibu huna?"

Akainamisha kichwa. Nikamwona mkatili, wallahi. Nikamwona mtu aliyekuja kumridhisha mama yake, na mie aniache nijifie.

Mwuguzi akaja na faili. Mweusi, mrefu, barakoa usoni, Kiarabu chake cha hospitali na Kiingereza. Alikuwa akipita pita mbele yetu tangu asubuhi, na mie nilimdhania Msudani. "Madam Mwanakhamis, yalla," akanambia. Nikamfuata chumba cha kubadilishia nguo. Akafunga mlango, akateremsha barakoa.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, "mimi naitwa Sellah. Mimi ni Mkenya, nimetoka Kisumu. Hayo yote mmeongea hapo nje, nimesikia."

Nikakaa kitandani bila ya kukaribishwa.

"Ni ukweli mzee wako amekuacha?"

"Maneno ya hasira tu, dada yangu. Mume na mke hawakosi."

"Usinicheze, mama. Aki nimesikia na haya masikio yangu. Umesema alikuacha kwa simu."

Nikalia, na kilio changu hakikuwa cha kistaarabu.

Sellah akanipa kitambaa, akangoja. "Wacha nikuambie venye iko," akasema. "Daktari akijua, halas, anasimamisha. Na akijua baadaye kwamba mimi nilijua nikanyamaza, leseni yangu imeenda na mimi naenda nyumbani. Sasa umeniweka katikati, na mimi sijakukosea kitu."

"Basi waambie tumepata dharura. Mrudisheni kwenye barafu, nije siku nyingine."

Akatikisa kichwa. "Alitolewa asubuhi, mara tu mzee alipoweka sahihi, yako ilikuwa tayari kwenye faili. Ameyeyuka na yuko sawa, anakungoja. Akirudishwa kwenye baridi mara ya pili, anaweza kosa kuamka. Ni leo, mama. Kesho mafi, hakuna."

Akanionyesha kwenye kioo cha ukutani, kinacholeta picha kutoka maabara. Nikamwona. Duara lenye vijiduara ndani yake, mfano wa chenga ya sagu iliyoiva. Mtanicheka, lakini nilimpenda pale pale. Wale wawili wa mwanzo nao niliwapenda, ila huyu nilimwona peke yake, hana ndugu, na baba na mama yake wanagombana barazani.

"Umri wako kwenye faili nimeuona," akasema Sellah polepole. "Mayai mengine watapata?"

"Walishanambia hapana."

Akavuta pumzi. "Sasa, dini yenu mimi siijui sana. Lakini nimesikia ukimwambia kuna neno. Akilisema, mnakuwa sawa?"

"Tunakuwa mke na mume, kama kwamba hapakuwa na kitu."

"Basi namleta. Alitamke na mimi nasikia. Akitamka, hayo mengine yote sikusikia. Asipotamka, naenda kwa daktari sasa hivi, na usinichukie."

Nilitaka kumbusu mkono. Akamwingiza Haroub, na kabla Sellah hajasema lolote akaitwa kwa sauti kutoka chumba cha pili. "Ongeeni," akatwambia. "Narudi sasa hivi."

Mlango ukafungwa. Nikamweleza Haroub yote. Nilidhani atafurahi kuwa mlango umefunguka. Haroub akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Sema tu," nikamwambia. "Baada ya hapo, ukitaka kukaa Riyadh mwaka mzima, kaa. Ukitaka kuoa, oa, nitakuja kukupigia vigelegele. Nirejee."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Ningekuwa sitaki, ningekuja hapa?" "Mwana, unazo ngapi kwa hesabu yako?"

"Mbili. Ya ujana, na ya juzi."

"Ni tatu."

Nilimsikia vizuri, lakini nikamuuliza tena anasema nini. Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye mlango, kanzu yake nyeupe kwenye vumbi la viatu vya watu.

"Yule wa pili alipotoka," akasema, "nilikuja Jeddah. Kabla ya kufika kwetu nilipita Al-Rawdah kwa mama. Akanishika. Akalia, akaniapiza, akanambia nikuache au nisimzike. Nikachoka, Mwana. Nikamwambia, 'Haya, nimemwacha! Umeridhika?' Nikatoka. Nilipoingia garini nikasema mwenyewe, kwa ulimi wangu, nimemrejea Mwanakhamis. Nikaja nyumbani. Ukanipa supu."

Supu ile naikumbuka. Nilikuwa bado natoka damu, nikasimama jikoni nimeshika ukingo wa meza, nikamchemshia mbuzi kwa kuwa nilimwona kakonda. Akanywa bakuli mbili. Akanisifu ndimu.

"Ulikunywa supu yangu," nikamwambia, "na umetoka kuniacha njiani."

"Na kukurejea."

"Bila ya mie kujua!"

"Kuacha hakungoji ujue. Na kurejea hakungoji ujue. Weye umesoma kunishinda."

Kweli, nimesoma. Ndiyo maana nilielewa haraka. Ya ujana moja, ya kwa mama yake ya pili, ya juzi ya tatu. Baada ya tatu hapana kurejeana. Haroub akisema neno lile mara elfu, ni upepo. Mie kwake ni kama wanawake wote wanaopita dukani kwake kununua udi, na yule kwenye kioo cha ukutani hana baba na mama walio mke na mume.

"Sasa kwa nini ulitia saini, Haroub? Kwa nini ulikuja ukawaacha wamyeyushe?"

Akajifunika uso. "Nilikuja nikwambie. Nikamkuta mama kwenye simu na karatasi mezani. Na mie pia namtaka, Mwana. Unadhani peke yako ndiye unayemtaka?"

Hilo sikulitazamia. Miaka yote nilidhani uchungu ni wangu na yeye ni msindikizaji. Nikakaa naye sakafuni. Simu yake ikaanza kutetemeka mfukoni, akaitazama: mama. Hakuipokea.

"Nambie kweli," akasema. "Ungepewa mmoja, mie au huyo, ungechukua nani?"

"Huyo."

"Hata mie ningemchukua yeye."

Tukacheka, Mungu atusamehe, tukacheka tukilia. Halafu nikamshika kanzu.

"Damu!" nikamwambia. "Haroub, siku ile nilikuwa na damu!"

"Najua."

"Si wako masheikh wa huku wanaosema talaka ikitamkwa na mwanamke yumo damuni haihesabiwi? Nimewasikia redioni. Ikiwa haihesabiwi, basi ya kati haipo! Zinabaki mbili!"

"Wetu wanasema inahesabiwa, na mtamkaji ana dhambi. Sheikh Salem alitusomesha hivyo hivyo."

"Tuko Riyadh, hatuko Unguja!"

"Ndoa yetu ilifungwa na nani?" akauliza Haroub. "Unabadilisha sheikh kama unabadilisha duka la samaki, kwa kuwa la leo lina bei nzuri?"

Nilitaka kumpiga. Ningempiga kama angekuwa amekosea. Lakini nilijua, na yeye alijua kwamba najua, kuwa lau ni jirani yangu aliyeniletea suala hili, ningemwambia akaulize kwanza.

"Na mama yangu," akaendelea. "Ya kwake anaijua. Ya juzi hajaijua. Siku atakayoijua atajumlisha mwenyewe, na mtoto atakuwa ameshazaliwa. Unajua atamwita nani?"

Nilijua. Nilikuwa nimeshaitwa majina mie, nikayabeba. Nilijiona nambebesha mtoto jina zito zaidi, hata meno hajaota.

"Mpigie," nikasema. "Mpigie Sheikh Salem sasa hivi."

Akapiga. Tuliweka vichwa pamoja juu ya ile simu kama wachumba. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Kutoka nje ikasikika adhana ya adhuhuri, na Jeddah adhuhuri yao haiko mbali na yetu. Sheikh yuko msikitini. Zile siku zote nilizoifungua namba yake nikaifunga, alikuwa yuko nyumbani, hana shughuli. Nililia kwa hilo kuliko nilivyolia kwa talaka.

"Mwandikie," nikasema. Akaandika, akaeleza yote: ya ujana, ya kwa mama, damu, ya juzi, na yule anayengoja. Akatuma.

Mlango ukagongwa. Haroub akainuka, akajifuta magoti. Sellah akaingia, na nyuma yake nikaona mlango wa pili uko wazi, taa zimewaka, daktari keshavaa glovu.

"Wako tayari," akasema Sellah. "Imekuwaje? Amesema?"

Nikamtazama Haroub. Haroub akatazama viatu vyake. Kwenye kioo cha ukutani ile chenga ya sagu ipo pale pale, haijui kitu.

"Kasema," nikajibu.

Ndiyo, wasomaji wangu. Ni mie niliyesema, si yeye. Neno lilinitoka jepesi, nami nilikuwa nimemwambia Haroub halina uzito.

Sellah hakuwa mtoto. Akanipita akasimama mbele ya mume wangu, kama bado naruhusiwa kumwita hivyo. "Baba, nataka kukusikia wewe. Umesema?"

Haroub akafumbua kinywa, na simu ikaita mkononi mwake. Tukaitazama sote watatu. Jina la Sheikh Salem lilikuwa kwenye kioo, linawaka na kuzima.

Kidole cha Haroub kikaanza kushuka.

"Haroub," nikamwambia, "usipokee."